Chai ya Kuonjewa

Siku niliyorudi Zombe kutoka kwa dada yangu huko Makueni, mama mkwe alinipikia chai, akaileta hadi nilipoketi, akasimama mbele yangu na kupiga funda moja. Kisha akafuta ukingo wa kikombe kwa pindo la leso yake na kunikabidhi. Nikainywa.

Mtu asiyetujua angedhani mama mzee alikuwa akipima moto wa chai. Kwetu kila mtu anajua maana yake. Ukimpa mgeni kinywaji, hasa mgeni asiyekujua vizuri, unakionja kwanza mbele ya macho yake ili moyo wake utulie: kama kuna kitu humu ndani, basi tufe pamoja. Ni heshima anayopewa mtu wa mbali. Mtu wa nyumbani haonjewi. Nilikuwa nimekaa katika boma lile miaka kumi na sita, nimegombana na mama huyu kuhusu kila kitu kuanzia chumvi hadi Mungu, na hakuwahi kunionjea hata maji. Sasa alinionjea, kwa sababu soko zima lilikuwa likisema kwamba alijaribu kuniua.

Nitaeleza ilivyokuwa bila kujipendelea, ingawa kujipendelea ni kipaji changu.

Mwezi wa pili wa mwaka uleule, mahindi yetu yalikuwa yameanikwa uani mvua isiyo na adabu ilipotukuta. Mama mkwe alikuwa amekwenda Ikutha kumwona kaka yake. Mume wangu ni fundi wa kujenga, na mafundi wa kujenga hujenga nyumba za watu Mlolongo huku zao zikivuja. Kwa hiyo niliyakusanya peke yangu, nikayafunika, na jua lilipotoka nikayatandaza tena siku mbili juu ya udongo mtupu. Jumapili jioni niliokota punje moja nikaiuma. Punje iliyokauka hukatika kwa mlio. Ile ilikubali jino kimyakimya.

Nilijua. Hapo ndipo ninapotaka msomaji aniangalie vizuri. Nilijua mahindi hayajakauka, lakini kesho yake nilikuwa na watoto thelathini wa chekechea wa kufundisha, mgongo uliniuma, na mawingu yalikuwa yanarudi. Nikajiambia yatamalizia kukauka ndani ya gunia. Nikayatia katika magunia ya nailoni, nikayafunga shingo kwa kamba ya katani, nikayaburuta hadi chumba cha ndani ambako wezi hawafiki. Hewa pia haifiki huko.

Mama mkwe aliporudi akayakuta yamepangwa vizuri, akanisifu. Ilikuwa mara ya pili kunisifu tangu niolewe, nami sikutaka kuiharibu sifa hiyo kwa maelezo.

Baada ya wiki kadhaa alifungua gunia la kwanza. Ndani mahindi yalikuwa yameshikana mabonge, mengine yana madoa ya kijani, mengine meusi kwenye kichwa cha punje. Mama huyu alilelewa na njaa. Amekula mahindi ya msaada yaliyojaa wadudu na ameishi kuyasimulia, na katika nyumba yake chakula hakitupwi. Aliketi akachagua. Yaliyo safi aliyaweka kando kwa mbegu na kwa mfuko wa kumpelekea mwanawe Mlolongo. Yenye madoa aliyapeleka kwenye kinu kutengeneza muthokoi.

Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa na maji kidogo mpaka ganda likatoka, ndipo yakapikwa na mbaazi au maharagwe. Hakuna Mkamba asiyeupenda, na huo ndio uliotuponza. Yalipotoka kinuni na kupepetwa yalikuwa meupe kabisa. Ungeweza kumpikia mchungaji.

“Ubaya iko kwa ganda,” aliniambia. “Ganda ikitoka, imeenda na ubaya yake.”

Nami mwalimu niliamini, kwa sababu kuamini kulinifaa.

Wiki hiyohiyo kanisa letu lilianza siku ishirini na moja za kufunga na kuomba. Mama mkwe hakosi mfungo. Mchana kutwa hakutia kitu kinywani, na jioni alikunywa uji wa wimbi tu. Mimi nilimwambia mchungaji kwamba mtu hawezi kufunga mbele ya watoto thelathini wanaokula, akacheka na kuniachilia. Hivyo sufuria ilikuwa yangu. Mama mkwe alinipikia kila siku, na mimi nilikula mchana na usiku, na kwa kuwa mama huyo anajua kupika, niliongeza.

Katika wiki ya tatu nilianza kutapika. Tumbo likaniuma upande wa kulia, chini ya mbavu. Niliwaza malaria, nikanunua dawa dukani. Mtoto mmoja darasani aliniangalia akasema, “Mwalimu, macho yako yamekuwa ya njano.” Nilimwambia aendelee kupaka rangi. Siku mbili baadaye sikuweza kusimama, na tumbo lilikuwa limefura.

Hospitalini daktari aliuliza maswali mengi kuhusu maji, pombe, na dawa za kienyeji, ndipo akauliza nilikuwa nakula nini. Mume wangu alipeleka kopo la yale mahindi. Majibu yalisema ni sumukuvu, yaani sumu ya kuvu wa mahindi, iliyokuwa imekula ini langu siku baada ya siku. Daktari hakunificha. Alisema hakuna dawa ya kuiondoa. Watanisaidia kwa maji na sindano, na ini lenyewe litaamua. Mama aliyelala kitanda cha pili alikuwa na ugonjwa huohuo. Alitoka kabla yangu, amefunikwa uso.

Dada yangu alikuja kutoka mji wa Wote, kule Makueni, kunihudumia. Ni mtu wa kusema anachofikiri kabla hajamaliza kukifikiri.

“Mtu anakupikia wiki tatu na yeye haonji,” alisema, “halafu unaniambia ni mahindi? Amka.”

“Alikuwa amefunga.”

“Amefunga wiki hiyo hiyo? Kwani alikuwa anajua nini?”

Hapo ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja tu: mahindi niliyafunga mimi yakiwa mabichi. Nilitazama ukuta. Nilijiambia nina maumivu, na kweli nilikuwa nayo, lakini mtu mwenye maumivu anaweza kusema sentensi moja. Niliona haya. Nilikuwa karibu kufa kwa uvivu wangu mwenyewe, na ilikuwa raha, raha mbaya, kuonewa huruma.

Maneno ya dada yangu yalifika Zombe kabla sijatoka kitandani, sijui kwa mdomo wa nani. Nilipopata nafuu alinichukua kwake Makueni, nikakaa hadi mwezi wa tisa. Nilianza na maji ya machungwa, kijiko kwa kijiko, na siku niliyomaliza chungwa zima nililia, dada yangu akafikiri nimezidiwa. Kumbe ilikuwa furaha. Sikuwa nimewahi kujua kwamba mtu anaweza kufurahia kumeza.

Lakini mahindi sikuweza. Ugali, githeri, hata mahindi ya kuchoma: yakikaribia mdomo, koo lilijifunga. Kila asubuhi nilichukua kioo kidogo, nikavuta kope chini na kukagua weupe wa macho. Nilikuwa hai, lakini kwa uoga.

Wakati huo kule nyumbani kikundi chetu cha mwethya kilifikia zamu ya shamba letu. Sisi wanawake kumi na wawili hulima kwa zamu, leo kwangu, wiki ijayo kwako, na mwenye shamba hupika. Kukataa chakula cha mwenye shamba ni kumkataa mwenyewe. Walichimba mpaka saa sita, mama mkwe akatoa sufuria, na mmoja baada ya mwingine wakasema wameshiba. Watu waliochimba tangu alfajiri walisema wameshiba. Aliirudisha sufuria jikoni ikiwa imejaa. Haya niliambiwa na mume wangu kwa simu, naye aliyasema upesi na kuhamia habari za mvua.

Ndiyo maana alinionjea chai. Alinionjea chai, maji, uji, hata dawa aliyonimiminia kijikoni. Miezi mitano nilionjewa katika nyumba yangu mwenyewe. Kila mara nilitaka kumwambia, Mama, acha, na kila mara nilijua kwamba nikimwambia aache ataniuliza kwa nini nina hakika hivyo. Basi nilipokea kikombe na kushukuru, na yeye akarudi jikoni na mgongo wake ulioanza kupinda.

Mavuno yaliyofuata sikumwachia mtu. Nilinunua turubai, nikaanika, nikageuza mara tatu kwa siku. Afisa wa kilimo alikuwa ametufundisha njia rahisi: unatia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, unatikisa, unaacha itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, bado kuna maji. Nilipima kila gunia, mengine mara mbili.

“Siku hizi mahindi inawekwa chumvi kabla ya kupikwa?” mama mkwe aliuliza akinipita.

“Napima kama yamekauka.”

“Nani amekufundisha?”

“Afisa wa kilimo.”

“Na mwaka jana huyo afisa alikuwa wapi?”

Niliendelea kutikisa chupa. Alisimama kidogo akinitazama, kisha akaenda zake. Mpaka leo sijui kama kuna jambo alilolishuku siku hiyo.

Zamu yetu ya mwethya ilirudi mwisho wa mwezi wa pili, Alhamisi. Jumatatu ya wiki hiyo nilimkuta mama mkwe akikunja nguo na kuzipanga katika mkoba.

“Nitapikia kikundi Alhamisi,” alisema. “Wakikula, wakikataa, shauri yao. Ijumaa naenda Ikutha kwa ndugu yangu.”

“Utarudi lini?”

“Mtu akirudishiwa chakula mara mbili, anarudi kufanya nini?”

Alisema kwa sauti ileile anayotumia kuuliza kama mbuzi wamefungwa. Nilimpigia mume wangu. Alisema, “Ongea naye, wewe ndio mwalimu.” Siku tatu sikulala vizuri wala kufundisha vizuri. Nilikuwa nimelala kitandani hospitalini nikingoja ini langu liamue kama nitaishi, na nakuambia kweli, hofu ile ilikuwa ndogo kuliko hii. Kule sikuwa na la kufanya. Hapa nilikuwa nalo.

Alhamisi niliomba ruhusa shuleni. Kikundi kilifika kabla ya jua kuchomoza vizuri. Tulichimba mitaro ya fanya juu, ile ambayo udongo unarushwa upande wa juu ili maji ya mvua yakwame. Mimi walinikataza jembe, wakanipa kazi ya kushika kamba ya kupimia. Waliimba na kutaniana, lakini kila upepo ulipoleta harufu ya mbaazi kutoka jikoni, mazungumzo yalipungua.

Saa sita tuliketi kwenye kivuli cha ghala. Mama mkwe alileta sufuria kubwa, muthokoi na mbaazi, umekolea kitunguu, na kuitua katikati. Akapanga sahani. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwenyekiti wetu, ambaye ulimi wake ulifanya kazi zaidi ya jembe lake mwaka ule, alianza kukwangua tope kwenye kiatu.

“Mwaitu, sisi hatuna njaa sana,” alisema. Mwaitu ni mama yetu, na alilisema kwa upole kabisa. “Tulikunywa chai nzito.”

Mama mkwe aliinama juu ya sufuria. Alichota muthokoi kwa mwiko, akaweka kidogo kiganjani, tayari kuonja mbele yao wote. Katika boma lake mwenyewe, na umri wake ule. Mbaazi moja ikaanguka chini.

Nilisimama. Nilimshika kifundo cha mkono kabla haujafika mdomoni.

“Usionje, Mama. Nipe mimi.”

Nilichukua sahani, nikajipakulia. Si kijiko, nilijaza. Kisha nikasema, na sauti ilitoka juu kuliko nilivyotaka, sauti ya darasani:

“Mahindi ya mwaka jana niliyafunga mimi. Yalikuwa na maji, na nilijua yana maji. Mama alikuwa Ikutha. Yeye alipika alichokikuta. Hakula kwa sababu alikuwa amefunga, na nyinyi wote mlikuwa naye kanisani mkifunga. Aliyenipa sumu ni mimi.”

Kisha nikatia mkono katika sahani. Nilitafuna punje zile mpaka zikaisha mdomoni na bado sikuweza kumeza, na wanawake kumi na mmoja na mama mkwe walikuwa wakitazama shingo yangu. Nilifikiria yule mama wa kitanda cha pili. Nilifikiria kwamba huenda nimekosea tena, kwamba chupa na chumvi ni mchezo tu. Nikameza hivyo hivyo, kwa nguvu, machozi yakanitoka. Tonge la pili lilipita na ladha. La tatu nililitaka. Sijui kueleza zaidi ya hapo: baada ya mwaka mzima, nilisikia njaa, njaa ya mtoto aliyetoka kucheza, na nikala sahani yote nimesimama.

Mama mmoja mnene, ambaye siku zote husema kidogo, alivuta sahani. “Mimi nimechimba,” alisema. “Nipakulie.” Wengine wanne wakafuata, kisha wawili. Mwenyekiti alikumbuka ng'ombe wake hajanywa maji, akaondoka, na wawili wakamfuata. Mmoja alibaki na sahani mkononi bila kula. Sikuwabadilisha wote na sikuwa nimetegemea.

Nilipogeuka kumtafuta mama mkwe, nilitarajia, kusema ukweli, kushukuriwa. Alikuwa bado amesimama na mwiko.

“Mwaka mzima,” alisema.

“Mama—”

“Wakati walirudisha hii sufuria ikiwa imejaa, ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

“Ukakunywa chai yangu nikikuonjea.”

“Ndiyo, Mama.”

Aliweka mwiko juu ya kifuniko, polepole, akaingia nyumbani kwake na kufunga mlango. Jioni hakutoka. Nilimgongea na uji, akasema ameshiba. Nilijua nimelistahili neno hilo. Nilichemsha muthokoi uliobaki ili usiharibike, nikalala.

Ijumaa asubuhi kabla ya kuvaa niliangalia macho kwenye kioo. Yalikuwa meupe. Nikasikiliza tumbo, halikuwa na la kusema isipokuwa kwamba lilikuwa tupu. Nikaenda jikoni, nikakaa kwenye kigoda na sufuria kati ya magoti, nikala moja kwa moja humo, kwa mkono, muthokoi baridi ulioshikamana. Ulikuwa mtamu kiasi cha kunichekesha peke yangu. Nilijua mama mkwe anaondoka, nilijua ni kwa ajili yangu, moyo uliniuma, na bado nilikuwa nakula kwa furaha. Sikujua kwamba mambo haya mawili yanaweza kukaa katika kifua kimoja.

Alitokea mlangoni amevaa gauni lake la kanisani, mkoba mkononi. Alinitazama mimi, akatazama sufuria.

“Umekula yote?”

“Kumebaki kidogo huku chini.”

“Na mimi nisafiri na njaa?”

Nilimsogezea sufuria. Nikainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja kitu. Kisha akatua mkoba, akavuta kigoda kingine, akaanza kukwangua ukoko kwa vidole. Alikula akinung'unika kwamba walimu hawana adabu, kwamba nimepasha bila kuongeza maji, kwamba mtu anayekula kwenye sufuria mvua hunyesha siku ya mazishi yake. Tulikula pamoja, mikono ikigongana.

Gari la kwenda Ikutha lilipiga honi barabarani. Likangoja, likapiga tena, likaenda.

“Mimi bado nimekasirika,” alisema bila kuinua macho.

“Najua, Mama.”

“Na Jumatatu utatwanga wewe. Mikono yangu imechoka.”